Nilihesabu Kupanda, Sikuhesabu Kushuka

Mwanangu Byamungu,

Sikuuliza. Hilo ni jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mtu yeyote. Bibi halijui, na hata kwenye kitubio nililiruka. Siku ile uliponituma kwa motari, wale wa pikipiki wanaobeba watu kwenda Rurambo mlimani, niwaulize freni gani ya kuisimamisha baiskeli inafaa kwa njia yao, nilienda, nilisimama karibu nao, nikarudi nyumbani na kusema: "Banasema iko sawa." Hakuna aliyesema iko sawa. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe njiani, na unajua kutoka pale mpaka mlango wetu si mbali.

Sasa ni saa kumi alasiri na wewe uko uani, unafunga mzigo nyuma ya baiskeli. Nakusikia ukivuta kamba. Kesho asubuhi unaondoka. Bibi amenipa karatasi za daftari lake la kanisa na kalamu mpya, akaniambia nikae nisiinuke mpaka nimalize.

"Mutoto haende mbali bila neno ya mama yake," alisema. "Na mama yake ni weye. Andika."

"Niandike nini?"

"Minye sikuzaa mama yake ili nifanye kazi ya watu wote. Andika."

Mambo ya kila siku nayapita. Sweta, sabuni, dawa ya malaria, kutolala na dirisha wazi, yote hayo Bibi atakuambia kesho mlangoni, na atayarudia. Mimi nitaandika yale ambayo yeye hawezi kukuambia, kwa sababu hayajui.

Najua kuna watu wataona ajabu mtu wa miaka kumi na saba kumwandikia mtu wa miaka ishirini na miwili na kumwita mwanangu. Sisi wawili tumezoea. Mama yako alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi na mimi ni wa mwisho, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na hilo halibadiliki kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa. Alipofariki ulikuwa na miaka saba na mimi miwili. Simkumbuki. Uso wake unao wewe kichwani, mimi sina. Ila hadithi moja nimesikia mara nyingi: kwamba siku ile Bibi alikuonyesha mimi, nimekaa kwenye mkeka na uji mpaka masikioni, akakuambia, "Usilie, mama yako mwingine ni huyu hapa," na wewe ukanitazama, ukalia zaidi.

Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningelia pia.

Ninayoikumbuka mimi mwenyewe ni siku ya prefe. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa umevunja kioo cha dirisha la darasa kwa mpira, na prefe, mkuu wa shule, akasema usirudi bila mama. Bibi alikuwa shambani huko bondeni na hangerudi mpaka mwisho wa juma. Basi ulinichukua mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nimevaa sare ya shule ya msingi, na soksi moja ilikuwa inashuka.

"Nilisema ulete mama," prefe alisema.

"Nimemuleta."

"Yuko wapi?"

"Njo huyu."

Walimu waliokuwa mle ndani walicheka mpaka mmoja akaweka chaki chini. Wewe hukucheka. Ulisema, "Ni mama mudogo, bwana prefe. Mama mukubwa alikufa." Kicheko kikaisha. Prefe akanigeukia, akasema kwa sauti ya heshima, "Basi mama aseme." Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilitazama soksi yangu. Ukangoja kidogo, halafu ukasema, "Mama anaomba samahani. Anasema kioo tutaleta."

Sikusema hivyo. Sikusema lolote. Lakini prefe alikubali, na tulipotoka nje ulinipandisha soksi na kuniambia nimesema vizuri sana.

Tangu siku ile umekuwa ukisema kwa niaba yangu. Dukani ulikuwa ukiomba wewe, mimi nimesimama nyuma na kikapu. Kwenye bomba la maji, mtu akiniruka kwenye mstari, wewe ndiye uliyekuwa ukienda kupiga kelele. Hata mwaka jana nilipotaka kuazima kitabu cha fizikia kwa mwalimu, ulinisindikiza mpaka kwake, ukabisha hodi, ukasema, "Huyu mama anataka kitabu," ukaondoka. Nilidhani ni upendo, na ulikuwa upendo. Lakini ulinifanya nifike miaka kumi na saba bila kumuuliza mtu nisiyemjua swali lolote. Sisemi ni kosa lako. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa, ili uelewe kilichotokea.

Ulipopata kazi ya uuguzi kule Rurambo, uliamua utalala bondeni kwa mjomba, kwa sababu baridi ya juu huiwezi, na kwamba kila asubuhi utapanda na kila jioni utashuka. Kwa pikipiki ya kulipia isingewezekana kila siku, na petroli huko juu hupatikana leo na kesho haipo. Lakini kituo cha afya kina mabamba ya umeme wa jua, kwa hiyo baiskeli ya umeme ingechajiwa mchana ukiwa kazini. Ulifikiri vizuri. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Tulienda pamoja Kavimvira kwa Mzee Salumu, ambaye huagiza vitu vya watu kupitia Bujumbura. Alitutolea fomu ya kurasa tatu, yote kwa Kiingereza, imejaa vijisanduku vya kutia alama. Uliisogeza mbele yangu.

"Weye njo musomi," ulisema. "Jaza."

"Mama yake ndiye anayejaza?" Mzee Salumu aliuliza, maana ulikuwa umeshamwambia mimi ni nani. "Vizuri. Basi mama asikilize. Hii ni ile yenye nguvu, inabeba mtu na mzigo. Kampuni inatoa nyongeza mbili bure. Mbili tu, siyo tatu. Nyingine zote zinabaki zile za kawaida. Ukishatia alama na mimi nikishatuma, habari imekwisha."

Nilizisoma zote. Moteri ya kawaida iliyo ndani ya gurudumu la nyuma, au ile kubwa iliyo katikati, pale penye pedali, ambayo hutumia gia za baiskeli. Batiri moja au mbili. Freni za waya zenye disiki ndogo, kile kisahani cha chuma kinachobanwa gurudumuni, au freni za mafuta zenye disiki kubwa. Uma wa mbele wenye springi au usio na springi. Kioo kidogo cha kusomea mwendo au kikubwa chenye rangi. Mipira ya magurudumu, myembamba au mipana. Ulitaka mipana, na Mzee Salumu alisema hiyo huja yenyewe bila kuhesabiwa. Wewe mwenyewe ulitamani kile kioo chenye rangi. Usikatae, niliona macho yako.

Nikaomba kwenda nayo nyumbani. Ulicheka ukasema naichukua kama kazi ya shule, na kweli niliichukua hivyo. Niliandika katika daftari langu la fizikia: wewe, baiskeli na sanduku la dawa, jumla kilo mia moja na hamsini. Kutoka bondeni kupanda, nikachukua mita elfu moja. Nikazidisha. Nikapata joule milioni moja na nusu, na nikajumlisha na urefu wa njia, na mawe, na matope. Batiri moja ingekufikisha kwa shida. Moteri ya ndani ya gurudumu ingechemka kwenye mlima mrefu kama ule. Kwa hiyo jibu lilikuwa wazi, na nilipenda jinsi lilivyokuwa wazi: moteri ya katikati, na batiri ya pili. Nyongeza mbili. Nilichora mstari chini ya jibu kwa rula.

Wewe ulitazama daftari, ukasema, "Na freni?"

"Za kawaida zinatosha."

"Unajua aje?"

Sikujua. Ndipo uliponiambia niende pale wanaposimama motari wa Rurambo, niwaulize wao, kwa sababu wewe ulikuwa na zamu hospitalini siku hizo zote na Mzee Salumu alikuwa anatuma maagizo Jumamosi. Kumbuka hilo. Miaka yote ulikuwa umeniombea mambo mimi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wewe kuniomba jambo.

Nilienda Ijumaa baada ya shule. Walikuwa sita au saba, wamekaa juu ya pikipiki zao, zina udongo mwekundu wa mlimani mpaka kwenye taa. Mmoja alikuwa mzee kuliko wengine, amevaa koti la mvua la kijani ingawa jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeliandika swali langu kwenye kiganja cha mkono ili nisilisahau. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"We dada, unaenda wapi? Panda, nikupeleke," kijana mmoja alisema.

"Siende fasi."

"Basi umesimama hapa ju ya nini? Unatuhesabia pikipiki?"

Wakacheka. Hawakucheka vibaya, najua sasa. Mwingine akasema, "Muache, anatafuta bwana," na wakacheka tena. Yule mzee wa koti la kijani akawaambia, "Muache mutoto ya watu." Hapo ndipo ningeuliza. Alikuwa amenitazama, alikuwa ananingojea. Nikageuka kwa mama anayeuza karanga, nikanunua karanga ambazo sikuzitaka, nikazila zote pale pale nimewapa mgongo, na nikaondoka. Jasho lilikuwa limefuta nusu ya swali kiganjani.

Uliporudi kutoka zamu uliniuliza huku unavua viatu.

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Banasema nini?"

"Banasema iko sawa."

"Si unaona?" ulisema. "Haikukuuma kitu." Ulifurahi. Ulimwambia Bibi, "Mama Mudogo ameenda kuongea na motari, peke yake!" na Bibi akanikatia kipande kikubwa cha samaki. Nilikila. Hicho kipande cha samaki nimekifikiria kuliko dhambi nyingine zote nilizo nazo.

Baiskeli ilipofika, wewe ulikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Uvira. Uliipeleka mpaka Kalundu bandarini na kurudi, bila jasho, na watoto wakakukimbilia. Jirani yetu alisema, "Ile velo haina sauti, iko sawa mwizi." Barabara ya kando ya ziwa ni tambarare. Kwenye tambarare kila freni ni nzuri. Nilianza kuamini kwamba uongo wangu umegeuka kuwa kweli wenyewe, bila mimi kufanya lolote.

Halafu, Jumapili iliyopita, ulipanda nayo kule juu nyuma ya parokia kumchukulia Bibi gunia la muhogo. Ni kilima kifupi, dakika chache tu. Ulishuka, ukaisimamisha hapo uani, ukainama kuangalia gurudumu la mbele, ukagusa disiki kwa kidole. Ukaruka.

"Inaunguza sawa sufuria!" ulisema, ukaweka kidole mdomoni, ukacheka.

Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikafungua daftari la fizikia kwenye ule ukurasa wenye mstari wa rula. Jibu lilikuwa bado sahihi. Joule milioni moja na nusu ndizo zinazohitajika kukupandisha. Ila sikuwahi kujiuliza zinaenda wapi ukishuka. Haziendi popote. Ukishuka unazibeba zote, na kama hutaki kuruka mlimani lazima uziache kwenye freni, na kwenye freni zinageuka kuwa joto. Nilihesabu, ukiacha upepo na zile zinazopotea njiani: ni moto wa kuchemsha lita nne za maji, kuanzia ya baridi mpaka yatokote. Sufuria nzima ya Bibi. Kila jioni. Juu ya disiki mbili zilizo na upana wa kisahani cha chai, zinazobanwa na waya ambao hulegea kila unapovutwa.

Na batiri ya pili, ambayo nilijivunia, ni uzito mwingine unaokusukuma kwa nyuma. Nilikuongezea nguvu na uzito, na kitu pekee cha kukusimamisha nikakiacha kilivyo.

Unajua kwa nini nilikosea? Nimelifikiria juma zima. Sikukosea kwenye hesabu. Nilikaa mezani nikauona mlima kama mtu anayetaka kufika juu. Mtu aliyekwisha kuwa juu, aliyechoka, saa kumi na moja jioni, mvua imenyesha, anataka kurudi nyumbani kula, huyo sikumwona kabisa. Sijawahi kufika Rurambo. Bibi alizaliwa kule na mimi naijua kwa masimulizi ya ng'ombe tu. Wale motari ndio wanaomwona mtu huyo kila siku, kwa kuwa ni wao wenyewe. Swali moja lingetosha. Lilikuwa limeandikwa mkononi mwangu.

Nina jambo moja tu la kukushauri, na si kama mama anayejua, ni kama mtu aliyekwishaharibu. Kule uendako watakuita daktari hata kama wewe ni muuguzi. Watakuangalia kama mnavyoniangalia mimi hapa nyumbani, "musomi, jaza." Ni tamu sana. Inafanya uone aibu kusema sijui, na aibu hiyo ikikaa ndani inatafuta pa kutokea, na inatokea kama uongo mdogo wenye sauti nzuri: iko sawa. Mimi nimeiona ikitoka mdomoni mwangu. Haikuuma hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilifikiri barua hii iishie hapo. Bibi amesema barua ya mama haifunguliwi mpaka mtu afike. Ungeisoma kesho jioni kwa mjomba, bondeni, na Jumatatu, siku ya kuanza kazi, ungekuwa umeshajua, na hungepanda nayo. Nilipanga hivyo. Nilijiambia ni njia nzuri, kwa sababu ungekuwa mbali na nisingeuona uso wako.

Halafu nimekusikia sasa hivi uani ukimwambia Bibi kwamba umebadili mpango. Unasema kesho utapitiliza moja kwa moja mpaka juu ukawasalimie watu wa kituo, uache mzigo wa dawa, na ushuke kwa mjomba kabla ya giza. Bibi amesema vizuri.

Naacha kuandika. Naja uani.

*

Naendelea. Ni saa kumi na mbili na robo, bado kuna mwanga. Sehemu hii unaijua kwa sababu ulikuwepo, lakini naiandika kwa kuwa barua ikiishia pale juu itaonekana kama nilikiri kwa karatasi tu.

Nilikuja na kurasa mkononi. Nilitaka kukupa usome, halafu nikaona huko ni kujificha nyuma ya karanga tena. Nikasema.

"Sikuuliza."

"Hukuuliza nini?"

"Motari. Siku ile. Nilisema niliuliza. Sikuuliza."

Uliacha kamba. Bibi aliacha kuchekecha unga. Ulitazama gurudumu la mbele, halafu kidole chako ambacho bado kina alama, na niliona umeelewa kabla sijafika kwenye lita nne za maji.

"Bwana weye," ulisema. Hukuniambia mimi. Uliuambia ukuta. Halafu ukaniambia, "Na samaki ulikula."

"Nilikula."

"Twende."

Ulisukuma baiskeli, hukuipanda. Ulitembea mbele yangu njia yote bila kugeuka, na sikukuomba ugeuke. Kwa motari walikuwepo wanne tu, siku inakwisha, na yule mzee wa koti la kijani alikuwa anaosha mnyororo wa pikipiki yake kwa brashi ya meno. Ulisimamisha baiskeli mbele yake, ukavuta pumzi ili useme, kama kawaida yako. Halafu ukafunga mdomo na kunitazama. Nadhani ilikuwa hasira. Haidhuru, ilinifaa.

"Samahani, papa," nilisema. "Niko na swali."

Akaniangalia. "Ah! Weye njo ule wa karanga."

"Njo minye."

"Ulisimama hapa, ukakula, ukaenda. Nikasema huyu mutoto iko na kitu. Haya, sema."

Nikasema. Swali lilikuwa fupi kuliko nilivyolikumbuka. Aliinama, akazungusha gurudumu la mbele, akabana mkono wa freni mara tatu, akapima disiki kwa vidole viwili. Akawaita wenzake waje waone. Yule kijana wa siku ile alipiga mluzi.

"Moteri ni muzuri," mzee alisema. "Kupanda, itapanda, itatuacha sisi wote nyuma. Kushuka, utashuka nayo mara moja."

"Mara moja aje?" uliuliza.

"Mara moja. Ya pili haitakuwako." Akajipangusa mikono. "Ile njia ina kona kumi na moja za kushuka bila fasi ya kupumuzisha freni. Disiki hii ni ya kwenda sokoni. Nani alichagua vile?"

Ulifungua mdomo. Nilikuona. Ulikuwa na hasira na mimi bado, na hata hivyo ulikuwa unaenda kusema ni wewe.

"Ni mimi," nilisema. "Minye njo nilichagua. Sikuja kuuliza."

Yule kijana alianza kucheka, mzee akamtazama, akaacha. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa umekuja," na akarudi kwenye mnyororo wake. Halafu akaongeza kwamba fremu ina mahali pa kufungia freni za mafuta, ameshapaona, kwa hiyo si baiskeli ya kutupa. Ni ya kungoja.

Basi mambo yako hivi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi yule mzee anakuja kukuchukua kwa pikipiki yake, wewe na sanduku la dawa. Utalala huko juu kituoni, kwenye baridi, mpaka freni zifike. Najua ulikuwa hutaki. Bibi amekwishaingiza sweta la pili katika begi lako, na safari hii usilitoe.

Baiskeli inabaki hapa. Uliiegemeza ukutani, ukaingia kuoga na kufunga mlango, na hiyo ni haki yako. Nimetoa batiri zote mbili na kuziweka chini ya kitanda changu. Nimetoka kwa Mzee Salumu kabla hajafunga duka. Nilienda peke yangu. Alisema habari ilikuwa imekwisha alipotuma fomu, si alishasema? Nikamwambia kweli alisema, lakini nataka freni za mafuta na disiki kubwa, za mbele na za nyuma, na kwamba nataka anionyeshe vipimo kabla hajaagiza. Alinipa kiti. Nimejaza fomu mpya, ya ukurasa mmoja, na nimeuliza kila sanduku ambalo sikulielewa. Yalikuwa saba.

Nimesahau jambo moja. Pale kwa motari, wewe ulipokuwa umeshaanza kusukuma baiskeli kurudi, mimi nilibaki nyuma kidogo, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nilimuuliza yule mzee na habari ya mipira. Alikufuata kabla hujafika mbali, akakusimamisha, akaibonyeza kwa kidole gumba; wewe ulidhani anakuzuia kwa jambo jingine. Alisema mipira iko sawa.

Mama yako mdogo,
Sifa